Trisomia 21 nyumbani kwetu Bukavu: hatua za kufuata tangu maternite hadi utu uzima

Kama umetoka maternite, yaani wodi ya uzazi, na neno trisomia limeandikwa kwenye karatasi yako, au kama muuguzi alimtazama mtoto, akamtazama mwenzake, kisha wote wawili wakanyamaza, soma haya taratibu. Si lazima ufanye yote mwezi huu. Lakini yapo machache yasiyongoja, na hayo nimeyaweka mbele.

Ninaandika kama dada mkubwa. Kitinda mimba wetu ana trisomia 21, ile ambayo wengine huiita sindromu ya Down. Amekulia Kadutu, hapa Bukavu, na leo ni kijana mwenye ndevu anayempimia mama sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa kikombe sokoni, wala hakubali mteja aongezewe mpaka mama aseme. Utotoni alichelewa sana kusema, na kila tulikompeleka tulijibiwa kwamba ndivyo watoto hawa walivyo. Mpaka daktari mmoja wa masikio alipomchungulia, akakuta maji yamejaa nyuma ya ngoma za masikio yote mawili. Mtoto alikuwa hasikii vizuri. Alipotibiwa, maneno yakaanza kuja, moja moja. Ndiyo maana nakuomba ushike hili kuliko mengine yote: mtu akikuambia "ndivyo walivyo", muulize amepima nini.

Kuhusu chanzo nitasema kwa ufupi. Seli za mwili kwa kawaida zina kromosomu 46. Mtoto huyu ana 47, kwa sababu kromosomu ya 21 imekuja mara tatu badala ya mbili. Daktari Mwingereza John Langdon Down aliieleza hali hii mwaka 1866, na kromosomu yenyewe iliyozidi ikaonekana Paris, ikatangazwa mwaka 1959, kwa kazi ya Marthe Gautier, Raymond Turpin na Jérôme Lejeune. Duniani kote huzaliwa mtoto mmoja mwenye trisomia 21 katika kila watoto 700 hadi 1,000 hivi, kwa matajiri na kwa maskini, kwa kila kabila. Haitokani na chakula ulichokula ukiwa na mimba, wala dawa za uzazi wa mpango, wala kosa la mume au la mke, wala jicho la mtu. Umri wa mama huongeza uwezekano: kwa mama wa miaka 35 ni karibu mmoja kati ya 350, kwa wa miaka 40 karibu mmoja kati ya 100. Hata hivyo watoto wengi wenye trisomia huzaliwa na mama vijana, kwa kuwa vijana ndio wanaozaa zaidi. Mama mkwe akianza kutafuta mkosaji, msomee aya hii.

Hatua ya 1: Wiki za kwanza, kazi kubwa ni kunyonya

Mtoto huyu huzaliwa na misuli iliyolegea, ulimi nao hauna nguvu, kwa hiyo huchoka haraka na kusinzia kwenye titi. Akina mama wengi huambiwa hapo hapo wanunue maziwa ya kopo. Usikimbilie huko. Maziwa yako yanamkinga na kuharisha na nyumonia, na yeye hushikwa na magonjwa ya kifua kirahisi kuliko wengine.

Jaribu hivi. Kaa wima, mgongo umeegemea, mweke mtoto juu ya mto ili kichwa kiwe juu kuliko tumbo. Lishike titi kwa chini kwa vidole vitatu, kisha kidole gumba na kile cha shahada vitoke mbele ya titi, kimoja upande huu wa shavu na kingine upande ule, na kidevu chake kikalie katikati. Taya likishikiliwa namna hiyo halidondoki, naye anaweza kuvuta. Akisinzia, mfunue miguu, mpanguse nyayo kwa kitambaa kibichi, mbadilishe nepi, mrudishe. Usingoje alie. Wengi hawalii kwa njaa, kwa hiyo mwamshe kila baada ya saa 2 au 3, usiku pia. Kama bado hapati ya kutosha, kamua maziwa kwenye kikombe safi umpe kwa kikombe kidogo au kijiko, akiwa ameinuliwa, polepole. Mpeleke senta ya afya kila wiki apimwe kilo mpaka uone anapanda bila wasiwasi.

Mbabula, jiko la makaa, isikae chumba anacholala. Najua baridi ya Bukavu wakati wa mvua, lakini moshi wa makaa unaumiza kifua chake. Mfunike vizuri na umlaze kwenye chumba kisicho na moshi. Chanjo apate zote, kwa tarehe zile zile za watoto wengine.

Ukiona mojawapo ya haya, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili: anatapika kijani, amemaliza siku 2 tangu kuzaliwa bila kupata choo, au tumbo limevimba na kukaza, midomo au ulimi umekuwa wa bluu, anatoka jasho na kuhema akinyonya, manjano ya macho yamepita wiki 2, au katikati ya jicho, pale penye weusi, unaona weupe. Hayo mawili ya kwanza yanaweza kuwa utumbo uliozaliwa umeziba au usiosukuma, na hutibiwa kwa upasuaji. Tangawizi na majani ya kukanda tumbo havisaidii kitu hapo.

Hatua ya 2: Moyo, hata kama daktari hasikii kitu

Karibu nusu ya watoto wenye trisomia 21 huzaliwa na kasoro ya moyo. Mara nyingi ni tundu kati ya vyumba vya moyo. Mengine ni madogo na hujifunga yenyewe. Mengine ni makubwa, na hapa ndipo penye hatari ambayo wazazi hawaambiwi mapema: damu nyingi mno huenda kwenye mapafu, mishipa ya mapafu hukakamaa kidogo kidogo, na ikishakakamaa kabisa upasuaji hauwezekani tena. Kwa tundu kubwa la katikati ya moyo, madaktari hupenda kufanya upasuaji kabla mtoto hajatimiza miezi 6. Kusema "tungoje akue kidogo" kunaweza kumfungia mlango.

Tena, tundu kubwa linaweza lisitoe sauti yoyote kwenye kifaa cha daktari katika wiki za mwanzo. Kwa hiyo omba ekografi ya moyo, kile kipimo cha picha, kwa jina lake, katika mwezi wa kwanza, hata kama wamekuambia wanasikia moyo mzuri. Anzia kwenye idara ya watoto ya Hospitali Kuu ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita Jenerali, au ya hospitali ya Panzi. Kabla ya kupanda taksi, piga simu au tuma mtu aulize siku ambayo mwenye kupima moyo wa watoto yupo, na bei yake. Utajiokolea safari ya bure na mtoto mgonjwa mgongoni.

Kama upasuaji unahitajika, hospitali za karibu nasi zinazopasua moyo wa watoto ni King Faisal ya Kigali, Uganda Heart Institute iliyo Mulago, Kampala, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambako mtaelewana kwa Kiswahili tangu mlangoni. Usiondoke bila vitu hivi: barua ya transferi, ripoti ya ekografi pamoja na picha zenyewe, matokeo ya damu, na cheti cha kuzaliwa. Mwombe daktari wako azungumze na daktari wa kule kabla hamjavuka Ruzizi, mto wa mpakani; mtoto anayefika akiwa anangojewa hapokelewi sawa na yule anayefika ghafla. Kuhusu gharama, muulize pia daktari kama anaweza kupeleka jina la mtoto kwa shirika la La Chaîne de l'Espoir la Ufaransa, ambalo kwa miaka mingi limesaidia watoto wa nchi maskini kupasuliwa moyo. Maombi ya namna hiyo hupita kwa daktari, kwa hiyo yeye ndiye wa kumsumbua, kwa heshima, mpaka ayaandike.

Hatua ya 3: Karatasi ya kromosomu

Kipimo chenyewe huitwa kariotipi, huchukua damu kidogo, lakini kinahitaji maabara ya jenetiki. Kisikucheleweshe. Daktari wa watoto aliyezoea humtambua mtoto kwa macho, viganja, shingo na ulegevu wa mwili, na huduma zote za hapa zinaweza kuanza bila karatasi hiyo. Faida yake kubwa ni kwa mimba zijazo. Kwa watoto 95 kati ya 100 kromosomu iliyozidi imekuja kwa bahati tu, na uwezekano wa kurudi kwa mzazi kijana ni karibu 1 kati ya 100. Kwa wachache, 3 au 4 kati ya 100, kipande cha 21 kimejishika kwenye kromosomu nyingine, na hapo baba au mama anaweza kuwa amekibeba bila kujua. Ukipata nafasi ya kupima kwa bei unayoiweza, pima.

Hatua ya 4: Damu ya tezi, kila mwaka, maisha yote

Kama una pesa za kipimo kimoja tu cha damu kwa mwaka, kiwe hiki. Tezi iliyo shingoni hulala kwa wengi wao, na ikilala mtoto anakuwa mzito, anasinzia, ngozi inakauka, choo kinagoma, haongezeki urefu, akili nayo inapoa. Nani atashtuka? Watu watasema ni trisomia yake. Kumbe ni kidonge kimoja asubuhi.

Omba kipimo cha TSH mtoto akizaliwa, akiwa na miezi 6, akifika mwaka 1, kisha kila mwaka. Akiandikiwa levothyroxine, ndiyo dawa ya tezi, mpe asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji, halafu ngoja angalau nusu saa kabla hajala. Jambo moja ambalo sijaona likisemwa katika korido za hospitali zetu: uji wa masoso au sosoma una soya, na soya huzuia dawa hii isiingie vizuri mwilini. Dawa za kuongeza damu zenye chuma hufanya hivyo hivyo. Dawa ya tezi iwe asubuhi, uji wa soya na dawa ya damu uvisogeze mbele kwa muda wa saa 4. Usimnyime uji, ni chakula kizuri. Badilisha saa tu.

Pamoja na tezi, waombe wapime damu kamili. Kansa ya damu hupata watoto hawa zaidi ya wengine, ingawa bado ni wachache, karibu 1 kati ya 100. Homa isiyokwisha, kupauka, madoa mekundu ya ngozi au kutokwa damu kwenye ufizi, usiyatibu kama malaria mara tatu mfululizo. Rudi na useme wazi kwamba mtoto ana trisomia 21.

Hatua ya 5: Masikio, macho, usingizi, shingo

Njia za masikio yao ni nyembamba, nta inaziba, maji yanatuama ndani. Wengi wao, kwa wakati fulani, husikia nusu nusu, na mtoto anayesikia nusu nusu huonekana mkaidi au mzito wa akili. Daktari wa masikio amwone kila miezi 6 katika miaka ya kwanza. Nyumbani unaweza kufuatilia hivi: akiwa anacheza, simama nyuma yake asikuone, mwite kwa sauti ya chini, kisha gonga kikombe kwa kijiko upande wa kulia, baadaye wa kushoto. Rudia siku nyingine. Ukiona hageuki upande mmoja, au anageuka tu unapopaza sauti, andika na upeleke habari hiyo kwa daktari. Hilo halichukui nafasi ya kipimo, lakini linakupa neno la kusema kule ndani. Usitie mafuta ya moto wala kijiti sikioni.

Macho yapimwe kabla ya mwaka 1, halafu mara kwa mara. Zaidi ya nusu yao wana shida ya macho, na nyingi huisha kwa miwani. Tafuta miwani yenye kamba ya nyuma, kwa sababu daraja la pua zao ni fupi na miwani ya kawaida huteleza.

Usingizi wazazi huupuuza sana. Mtoto anayekoroma kwa nguvu, anayesita kupumua kisha kushtuka, anayelala ameketi au amekunja kichwa nyuma, hapati hewa. Mara nyingi ni mafindofindo. Mchana atakuwa mkali, hatulii, hajifunzi. Mrekodi kwa simu usiku, dakika 2 zinatosha, umwonyeshe daktari. Hiyo video itasema kuliko maelezo yako yote.

Shingo: mifupa miwili ya juu ya shingo huweza kulegea inapoungana. Usimvute kwa kichwa, asipige samasoti, na kabla ya dawa ya usingizi kwa upasuaji wowote mkumbushe daktari. Mtoto mchanga anapobebwa kwa kitenge, kitambaa kipande mpaka kishike kichwa hadi shingo ikaze. Mtu mkubwa au mtoto akianza ghafla kutembea vibaya, mikono ikaishiwa nguvu, au akaanza kujikojolea ilhali alishaacha, hilo ni la haraka.

Hatua ya 6: Mazoezi na lugha nyumbani

Tafuta kinezi, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mapema, kwenye miezi ya kwanza. Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu, ambacho kila mtu anakijua kwa kazi yake na watu wenye ulemavu. Nenda uulize siku za mazoezi na kama wana nafasi. Hata ukiweza kwenda mara moja tu kwa mwezi, nenda ili ufundishwe wewe, kisha kazi ifanyike kwenu kila siku: alazwe kifudifudi akiwa macho, hata dakika 5 mara kadhaa, aketishwe kati ya miguu yako, wadogo na wakubwa zake wamwekee kitu cha rangi mbele kidogo ya mkono unapofika, asipewe mkononi. Wengi huketi peke yao karibu na mwaka 1, hutembea karibu na miaka 2, wengine mpaka 4. Usimlinganishe na mtoto wa jirani. Mlinganishe na yeye wa miezi mitatu iliyopita.

Kuhusu kusema: wanaelewa mengi kuliko wanavyoweza kutamka. Mpe ishara za mikono pamoja na neno, tangu mapema: mkono mdomoni na "kula", viganja wazi na "imekwisha", kidole na "ile". Ishara hazimfanyi mvivu wa kusema. Zinampunguzia hasira za kutoeleweka, na neno likija huziacha mwenyewe. Kisha utaje unachofanya. Mama yetu alimfundisha mdogo wangu namba sokoni, kikombe kwa kikombe. Anajaza sambaza mpaka ukingoni, anapitisha kiganja juu zile zilizozidi zianguke, anamimina, "moja". Mkono wa mtoto juu ya mkono wake. Ilichukua muda mrefu sana na wateja wengine walikuwa na haraka. Leo anahesabu mpaka 20 bila kukosea akiwa na kikombe mkononi, na bila kikombe anakosea. Basi tunampa kikombe.

Wakikuambia uache Mashi na Kiswahili ili umsemeshe Kifaransa tu, usikubali. Watoto wenye trisomia 21 waliolelewa kwa lugha mbili wamefanyiwa utafiti, na lugha ya pili haikuonekana kuwapunguzia ya kwanza. Bibi amsemeshe Mashi yake.

Picha na maandishi huwakaa kichwani kuliko maneno ya hewani. Andika majina ya watu wa nyumbani kwenye vikadi, kila kadi na picha yake. Wengi hujifunza kusoma neno zima kwa macho kabla ya kujua herufi. Tovuti za Trisomie 21 France na Fondation Jérôme Lejeune zina maelezo mengi kwa Kifaransa. Mwombe kijana mwenye megabaiti akupakulie.

Hatua ya 7: Makaratasi

Mwandikishe etasivili, ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Asikose jina eti kwa sababu "bado tunaangalia kama ataishi". Bila cheti hakuna pasipoti ya kwenda kutibiwa.

Zijue sheria zinazomlinda, uzitaje kwa namba, maana namba huwafanya watu waketi vizuri kwenye kiti. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kulindwa kipekee. Sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 ndiyo hasa ya haki za watu wenye ulemavu Kongo. Na sheria ya watoto ya tarehe 10 Januari 2009, nambari 09/001, kifungu cha 160, inamwadhibu kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 3 yule anayemtesa mtoto, kimwili au kiakili, kwa kumsingizia uchawi.

Tangu waasi wa AFC/M23 waingie Bukavu Februari 2025, ofisi nyingi zimebadilika watu na taratibu, na mabenki yalifungwa. Piga picha kila karatasi, utume nakala kwa ndugu aliye mji mwingine. Ukiandikiwa dawa ya kila siku, kama ya tezi au ya moyo, weka akiba ya mwezi mmoja mbele kila unapoweza. Barabara ikifungwa, wewe utakuwa na vidonge.

Hatua ya 8: Watu

Kuna watakaokupeleka chumba cha maombi. Sala ni nzuri, na mchungaji au padri mwema ni msaada mkubwa. Mwombe amtaje mtoto kwa jina mbele ya watu na ambariki kama wengine. Lakini mahali popote wanapotaka kumfungisha, kumnyima chakula au maji, kumchanja chale, au kukuambia uache dawa, ondoka na mtoto wako, hata katikati ya wimbo.

Mtoke naye. Kanisani, sokoni, kwenye kilio, kwenye harusi. Mtoto anayejulikana na avenyu nzima analindwa na avenyu nzima. Aliyefichwa, akipotea siku moja hakuna wa kusema "nimemwona akipita pale".

Pesa: kama kuna mituweli ya afya, ile bima ya kuchangiana, kwenye parokia au senta yenu, jiandikishe kabla ya kuugua, na uliza kwa maandishi kama wanalipia ekografi na kulazwa. Kwenye AVEC yenu, kile kikundi cha kuweka na kukopa, uliza masharti ya kasha la dharura. Halafu tafuta wazazi wengine watatu au wanne. Muuguzi wa chanjo anawajua, mwombe awape namba yako. Mkikutana mara moja kwa mwezi mtajua nani anauza levothyroxine kwa bei nzuri na daktari gani anasikiliza. Tarehe 21 Machi ni siku ya dunia ya trisomia 21, inayotambuliwa na Umoja wa Mataifa tangu 2012; ni siku nzuri ya kuwaalika chefu wa avenyu na mkurugenzi wa shule wawaone watoto wakiwa wasafi, wakicheza.

Mama akishindwa kuamka asubuhi, akilia kila siku, akikosa hamu ya kumshika mtoto, hilo nalo lina tiba. SOSAME, kituo cha afya ya akili cha hapa Bukavu, inapokea watu wa namna hiyo, na kwenda kule si aibu.

Hatua ya 9: Shule

Shule ya msingi ya serikali ni ya bure tangu 2019 na mtoto huyu yumo. Nenda mwezi wa Julai au Agosti, darasa halijajaa, mwone mkurugenzi ukiwa na mtoto mwenyewe. Omba mambo madogo yanayowezekana: dawati la mbele, mwenzake wa kukaa naye aliye mpole, ruhusa ya kurudia darasa bila kutukanwa, kazi fupi zaidi. Mwalimu mwenye watoto 60 hawezi kufanya miujiza, lakini akijua kwamba mtoto anaona vizuri kuliko anavyosikia, atachora ubaoni. Kama haiwezekani kabisa, uliza shule maalumu. Wengine huchanganya: asubuhi shule ya mtaa, siku nyingine kituo. Usikubali tu akae nyumbani.

Hatua ya 10: Anapokuwa mkubwa

Mwili wake unabalehe kwa wakati ule ule wa wengine. Mfundishe majina ya viungo vyake vyote, nani anaweza kumgusa na kwa sababu gani, na kusema "hapana" kwa sauti. Mfundishe kwa kuigiza, tena na tena, kwa sababu wanaowadhuru wanategemea kwamba hawatasema. Msichana afundishwe hedhi miezi kadhaa kabla, kwa kuonyeshwa kitambaa na namna ya kukifua. Anaweza kupata mimba, kwa hiyo zungumzeni na daktari kuhusu uzazi wa mpango.

Mpe kazi halisi yenye hatua zile zile kila siku, na malipo anayoyashika mkononi. Uzito huongezeka haraka ujanani; atembee, bugali upungue kidogo, sombe na maharage viongezeke, soda ziwe za sikukuu.

Katika nchi zenye hospitali nzuri, watu wenye trisomia 21 sasa huishi hadi kama miaka 60. Maana yake wazazi wengi watatangulia. Ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer huwajia mapema, mara nyingi kuanzia miaka ya 40 na 50, kwa sababu kromosomu ya 21 hubeba jeni mojawapo inayohusika. Lakini mtu wa miaka 30 anayeanza kujitenga, kusahau kazi aliyoizoea au kukataa kutoka, pimeni kwanza tezi, masikio, macho, usingizi, na mumuulize kama kuna mtu wake aliyekufa au mtu aliyemwumiza.

Sisi watoto wa nyumbani tuambiwe mapema, wote mezani, nani atakaa naye, nani atalipa dawa, nani atampeleka hospitali. Yeye mwenyewe awepo kwenye mazungumzo hayo na aulizwe anataka kuishi na nani. Andikeni kwenye kaye moja, yaani daftari, dawa zake na vipimo vyake, watu anaowapenda, anachoogopa, anavyoonyesha kwamba ana maumivu. Kisha huyo aliyechaguliwa aanze kulala naye kwake wikiendi moja moja, wazazi wakiwa bado wana nguvu.